Nyumba Aliyoikataa Mwalimu

Watu wakimtaja Mwalimu wa kwaya mbele yangu, huwa wananitazama wakingoja nimsifu. Namsifu. Nililelewa vizuri. Lakini leo niko peke yangu mezani na chai yangu, hakuna wa kumpendeza, kwa hivyo nitamweleza kama nilivyomwona, na ijulikane mapema kwamba nilimwona kwa kijicho.

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Alitoka Kongo ya mashariki, akapitia kambi ya wakimbizi kama wengi wa kanisa letu, na hayo ni yake kuyasimulia. Kwangu mimi alianza siku alipohamia mlango unaotazamana na wetu, ghorofa ya tatu, katika yale majengo ya kupanga ya Brooklyn Park, huku Marekani, ambako ukipiga chafya jirani anakuambia pole kupitia ukutani. Alikuja na mama yake mzee, vijana wake wawili, na sufuria kubwa kuliko jiko. Jumapili yake ya kwanza kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na makoti. Wimbo ulipoanza akafungua kinywa, na watu wa viti vya mbele wakageuka.

Aliyekuwa akiongoza wimbo huo ni mimi.

Sauti yake haikuwa laini. Ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, na ukimsikiliza peke yake ungesema ni mwanamke anayetoka kuugua mafua. Lakini ikiingia katikati ya sauti za wengine, kila mtu alijikuta anaimba vizuri kuliko alivyozoea. Kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka, mchungaji alikuwa amemkabidhi kwaya nzima. Mimi nikawekwa safu ya pili, nyuma ya dada mmoja mrefu. Mchungaji aliniambia, "Mama Wambui, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika kidogo." Sikuwa nimechoka.

Alikuwa mkali wa saa, na mwenyewe alichelewa kila Jumamosi. Mazoezi yanaanza saa kumi, yeye anaingia tumeshapasha makoo mpaka yamepoa, koti limefungwa kifungo cha juu katika tundu la chini, na bado anatukuta sisi ndio tuna makosa. Ukija nyuma yake kidogo tu, anasimamisha wimbo na kukutazama mpaka ukae. Siku moja nilimwambia, "Lakini Mwalimu, hata wewe umefika sasa hivi." Akanijibu bila kupepesa macho, "Miye nimechelewa na kufua mashuka ya hoteli. Weye umechelewa na nini?" Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kule Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, na mimi siku hiyo nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya kujipaka rangi kucha. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa meno.

Alikuwa na msemo wake mmoja aliotumia kwa kila kitu: "Tutaona mwezi wa pili." Anayeishi huku anaelewa. Mwezi wa kwanza bado una shamrashamra za mwaka mpya, watu wana ahadi na buti mpya. Mwezi wa pili, baridi ikiwa imekaza, ndio unaokuonyesha gari lipi litawaka asubuhi na ndoa ipi ina joto. Mtu akija na gari jipya, Mwalimu analizunguka, analisifu, halafu anasema, "Muzuri sana. Tutaona mwezi wa pili." Kijana akileta mchumba kanisani, vivyo hivyo. Ulikuwa msemo wa kuudhi kwa sababu mara nyingi mwezi wa pili ulimuunga mkono.

Mkono wake ulikuwa wazi, ila kwa vyombo. Angekupa nusu ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyokuwa mezani kwa watoto wake, lakini sufuria hakuazima mtu. "Chakula kinarudi kwa Mungu," alisema, "sufuria hairudi kwa mutu." Ukumbi wetu wa ghorofa ya tatu ulinuka samaki wake wa chumvi toka Ijumaa mpaka Jumatatu. Mzee mmoja Mzungu wa chumba cha pembeni alikwenda kulalamika ofisini. Mwalimu alipopata habari alimpelekea sahani, imefunikwa kwa karatasi ya fedha, na tangu hapo mzee akawa anamuuliza lini atapika tena. Mimi nilipokaanga omena mara moja, moja tu, niliandikiwa barua ya onyo.

Ndivyo ilivyokuwa. Kilichokuwa kwangu ni kosa, kwake kilikuwa kipaji. Hata binti yangu Wambui, ambaye nikimuuliza jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule, alikuwa akikutana na Mwalimu kwenye ngazi anasema, "Habari ya asubuhi, Mwalimu, Bibi ameamkaje?" Kiswahili safi, na kichwa kimeinama. Nilimuuliza kwa nini mimi mama yake sipati heshima hiyo. "She needs it, Mom," akasema. "You don't." Jibu lilikuwa na akili, na liliniuma wiki nzima.

Sasa nimtaje Bibi, maana bila yeye nyumba haieleweki. Mama yake Mwalimu alikuwa na miguu iliyokataa ngazi. Jengo letu halikuwa na lifti. Jumapili wale vijana wawili walimkalisha kwenye kiti cha jikoni, wakambeba ghorofa tatu mpaka kwenye gari, kila mmoja na upande wake, Bibi amefunga macho na kushika Biblia kifuani. Siku nyingine zote alikaa dirishani. Msimu wa baridi, barafu ikiwa kwenye ngazi za nje, kuna Jumapili alibaki, na Mwalimu aliongoza kwaya siku hizo akitazama mlango. Aliniambia mara moja, tukiwa tunafua nguo kule chini ya jengo, "Mama yangu alitembea na miguu yake kutoka inchi yetu mpaka inchi ya watu. Sasa ngazi njo zimemufunga." "Njo" ni "ndiyo" ya kwao. Alitaka kitu kimoja tu: nyumba yenye chumba cha kulala cha chini, mama yake atoke mlangoni akanyage udongo bila kubebwa na mtu.

Na nyumba ile, Mungu ni shahidi, niliiona mimi kwanza.

Nilikuwa nikiitazama kwenye simu kila jioni. Ilikuwa huku huku Brooklyn Park, mtaa mtulivu, rangi nyeupe, mti mkubwa mbele, na dirisha la jikoni linalotazama bustani. Baba Wambui kila nikimwonyesha alisema tungoje kidogo, bei zitashuka. Kwa ujinga wangu nilimwonyesha Mwalimu picha zile wakati wa mapumziko ya mazoezi, nikitaka tu ajue mimi naangalia nyumba za aina gani. Alivuta simu karibu na macho. Akauliza swali moja: "Chumba ya chini iko?" Nikasema kiko. Akanirudishia simu, akasema "asante, ma chère," Kifaransa chake cha "mpendwa," tukaendelea na wimbo.

Haikupita muda, ofa yake ikakubaliwa. Dalali wetu, Mkenya mmoja anayeuzia nusu ya kanisa nyumba, ndiye aliyenipa habari kwenye maegesho, akitabasamu, akidhani nitafurahi. Nilifurahi mpaka mashavu yakaniuma. Nilipofika kwenye gari nilifunga mlango nikakaa bila kuwasha injini. Baba Wambui akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia, "Tungoje kidogo."

Kanisani kwetu baraka haijawa yako mpaka uishuhudie. Ukipata kazi unasimama. Ukipata makaratasi unasimama. Ukinunua gari unasimama na ufunguo mkononi, na watu wanapiga vigelegele kabla hujasema ni gari gani. Jumapili ile Mwalimu alisimama. Yeye ambaye alituambia sote tungoje mwezi wa pili, hakungoja hata mkaguzi, yule anayeikagua nyumba kabla hujalipa. Alishika kipaza sauti akasema, "Mungu amenipa nyumba. Mama yangu hatabebwa tena." Hakuna jicho lililobaki kavu, langu likiwemo, kwa sababu zangu. Wamama walikubaliana papo hapo kwamba mapazia ni juu yao. Mchungaji akatangaza kwamba mambo yakikamilika tutakwenda wote kuipaka milango mafuta. Dalali alikuwa benchi la mbele yangu, nikamsikia ananong'ona, "Lakini bado inspection, jamani." Vigelegele vilimmeza.

Ijumaa ya ukaguzi Mwalimu alinigongea mlango. "Mama Wambui, nisindikize. Vijana yangu wanajua Kiingereza ya masomo, lakini Kiingereza ya nyumba hawaijui." Mimi ni nesi; Kiingereza cha nyumba sikukijua pia, lakini nisingekosa safari hiyo kwa lolote. Nilivaa koti langu zuri. Njiani alikuwa akiendesha van yake katika safu ya kulia kabisa, polepole, taa za dharura zikiwaka kana kwamba tuna maiti, na huku anaimba sauti ya tatu ya wimbo wa Jumapili. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo. Sitasema yote niliyoomba. Niliomba mkaguzi awe na macho.

Theluji ilikuwa bado kando ya barabara, nyeusi kwa uchafu, na ardhi ilikuwa ngumu. Tulipoingia, nyumba ilitupokea kwa harufu ya vanila. Kila chumba kilikuwa na mshumaa wa manukato. Rangi mpya ukutani, vitasa vipya, sakafu inang'aa. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, lakini mlango ule ulikuwa mzuri. Nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni. Lilikuwa zuri kuliko kwenye picha.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mkubwa, mpole, mwenye tochi na vifuniko vya viatu. Alipanda darini akashuka, akafungua mabomba, akawasha jiko, akasema huku juu mambo ni mazuri. Wakati huo Mwalimu alikuwa amefungua kilemba chake, anapima madirisha. Aliunyoosha ule mkanda wa kitenge kutoka pembe hadi pembe, akafunga fundo, akaenda dirisha linalofuata, akafunga fundo jingine. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele zina mvi ambazo sikuwahi kuziona. Mkaguzi aliniangalia kwa kuuliza. Nikamwambia ni mapazia. Akatabasamu, halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, kwamba sasa tushuke chini.

Huku kwetu nyumba karibu zote zina beismenti, ghorofa nzima chini ya ardhi. Ya nyumba ile ilikuwa na zulia jipya na kuta zimefunikwa kwa mbao nyeupe. Mkaguzi alibandika kidude chake cha kupima unyevu kwenye mbao, kikalia. Akasogea hatua chache, kikalia tena. Akafungua kijistoo cha mtambo wa joto, mahali ambapo mbao hazikufika, akamulika tochi. Kisha akatuita.

Ukuta wa msingi ulikuwa umetuna kuelekea ndani. Ulikuwa na ufa uliolala kutoka upande mmoja hadi mwingine, umejazwa kitu na kupakwa rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba yule alikuwa ameuziba kwa brashi. Chini yake palikuwa na chumvi nyeupe, alama ya maji yaliyoingia na kukauka, yakaingia tena. Pampu ya kutoa maji ilikuwamo shimoni mwake, waya wake umechomolewa na kuviringishwa vizuri. Mkaguzi akarudi akainua pembe ya lile zulia jipya. Kuvu nyeusi ilikuwa imetanda kwenye ubao wa chini, na sasa vanila ilishindwa kazi. Ilinuka kama viatu vilivyosahauliwa na maji ndani.

"Amesema nini?" Mwalimu akauliza.

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba ardhi ikiganda inausukuma ukuta, na theluji ikiyeyuka maji yanaingia. Kwamba pampu imezimwa ili tusiisikie. Kwamba inaweza kutengenezwa, lakini ni kazi kubwa, na nyuma ya zile mbao mkaguzi hajui kuna nini. Nilitafsiri kila neno, na nilitafsiri kwa hamu. Pale mkaguzi aliposema unyevu, mimi nilisema maji.

"Amesema maji?"

"Karibu aseme."

Furaha ilinipanda kifuani mpaka nikaogopa itaonekana. Nilijifanya kukohoa. Mwalimu alichuchumaa, akagusa kuvu ile kwa kidole, akakinusa. Kilemba kilikuwa begani mwake na mafundo yake yote. Kisha akatoka nje.

Ndani ya van hakuwasha gari. Akasema, "Nimeshatoa ushuhuda."

Nilikuwa najua uzito wa maneno hayo. Kurudisha nyumba ni kumpigia dalali simu. Kurudisha ushuhuda ni kusimama mbele ya watu waliopiga vigelegele, walionunua kitambaa cha mapazia, na kuwaambia Mungu hakufanya ulilosema amefanya. Jioni hiyo hiyo wazee wa kanisa walikuwa wamesikia, na mmoja wao alimpigia kumwambia asiwe na imani haba, maji ni kitu cha pampu, asimwaibishe Bwana. Lakini pale kwenye gari tulikuwa wawili tu, na aliniuliza mimi.

"Ungekuwa weye, Mama Wambui?"

"Ningetoka," nikasema. "Bila kugeuka nyuma."

Ulikuwa ushauri mzuri na niliutoa kwa roho mbaya. Mambo hayo huweza kwenda pamoja.

Jumapili nilifika mapema nikakaa mahali pa kuona vizuri. Nilitaka kumwona akiaibika, nalisema wazi. Alisimama baada ya matangazo, Bibi akiwa kwenye kiti chake cha jikoni pale mbele. "Wapendwa," akasema, "Jumapili iliyopita nilisema Mungu amenipa nyumba. Sikumuuliza. Nyumba ile iko na maji chini. Mungu hakunipa, nilijipa miye, halafu nikaiandikia jina lake. Niliwafundisha kungoja mwezi wa pili, na miye sikungoja hata Ijumaa. Mbele ya kusema amina, inueni zulia." Akampa mchungaji kipaza sauti, akarudi kwenye kwaya, akainua mkono tuanze.

Kulikuwa na kimya ambacho kilinipa matumaini. Halafu mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, kirefu kuliko vile vya Jumapili iliyopita, na kanisa zima likasimama. Mchungaji naye akasema amina, baada ya kufikiri. Kwa miezi mingi baadaye ilikuwa ndiyo lugha ya kanisa. Msichana akileta mchumba, mashangazi wanamuuliza, "Umeinua zulia?" Nilikwenda kumwona mtu akianguka, nikamwona anapandishwa daraja. Nikaimba safu ya pili, nyuma ya dada mrefu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Baba Wambui bado hajalielewa. Mwenye nyumba alilazimika kisheria kueleza hali ya beismenti kwa kila mnunuzi, watu wakaikimbia, bei ikateremka. Na mimi nikamwambia mume wangu tuinunue.

"Si wewe ulitoka huko ukisema ukuta umetuna?"

"Tutauwekea vyuma."

"Na maji?"

"Pampu ipo."

"Mama Wambui, wewe ndiwe uliye-translate!"

Ndiyo, mimi ndiye niliyetafsiri. Maneno yote yalipita kinywani mwangu, na hakuna hata moja lililoshuka moyoni. Nyumba ambayo Mwalimu aliitaka ingewezaje kuwa mbaya? Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba akigusacho yeye ndicho chenye thamani. Akikiacha, basi nafasi imepatikana. Wakati wa kiangazi tulihamia. Alikuja siku ya pili akiwa na furushi: yale mapazia ya wamama, yameshonwa, yamepigwa pasi, kila moja na kipimo cha fundo lake. "Hayawezi kuenea nyumba ingine," akasema. Hayo ndiyo yanayoning'inia nyumbani kwangu mpaka leo. Nikikaa sebuleni mwangu natazama mtaa wangu kupitia mapazia yake.

Yeye alisubiri. Bibi akaendelea kubebwa msimu mwingine mzima wa baridi, na nilipowaona wale vijana kanisani wakimshusha garini na kile kiti nilijifanya natafuta koti langu. Alimwambia dalali atafute nyumba isiyo na beismenti. Dalali alicheka, akamwambia hapa nyumba hizo ni chache kama minazi. Akamjibu atafute hivyo hivyo. Mwishowe ilipatikana moja kule Inver Grove Heights, karibu na mto lakini juu ya kilima, ndogo, isiyo na ghorofa, vyumba vimebanana. Bibi hutoka mlangoni na mkongojo wake, anakanyaga udongo. Mara ya kwanza nilipoitembelea nilitafuta kasoro mpaka bafuni. Nilichopata ni swali tu: king'ora cha kimbunga kikilia, na huku watu hukimbilia beismenti, watajificha wapi? Nililiuliza. Mwalimu akasema, "Tutakuja kwako."

Tumekutana mara nyingi tangu hapo, lakini ninayoikumbuka ni ya majuzi, mwezi wa tano. Nilikuwa nimeandaa ibada ya shukrani nyumbani, kwaya yote ije. Nimepika pilau na chapati, nimepiga deki mara mbili. Vyuma tulikuwa tumeviweka na ukuta ulisimama; maji hayakusikia habari za vyuma. Lakini pampu ilikuwa inafanya kazi, na nikifunga mlango wa beismenti haikusikika. Nilitaka jambo moja tu siku hiyo. Nilitaka Mwalimu aketi katika nyumba yangu, aangalie dirisha la jikoni, na anionee wivu. Hata kidogo. Kwa miaka yote ile nilikuwa natoa tu, sijawahi kupokea.

Alichelewa, bila shaka. Alikuja na Bibi, na mvua. Bibi alikuwa amechoka kwa safari, nikamwomba ajinyooshe kidogo katika kile chumba cha kulala kisicho na ngazi. Alikaa kitandani, akatazama mapazia, akamuuliza binti yake, "Njo hapa?"

"Hapana, mama," Mwalimu akasema. "Hapa ni kwa Mama Wambui."

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili ngurumo ilipopiga na taa zikazima. Wageni wakacheka, wakawasha simu, wakaendelea kuimba. Mimi sikucheka. Taa zikizima, pampu inazima. Nilinyata nikashuka na tochi. Maji yalikuwa yameshatoka shimoni, yanatembea sakafuni taratibu, yakielekea kwenye masanduku ya nguo za baridi. Nilishika deki nikaanza. Nikasikia ngazi zinalia nyuma yangu. Alikuwa Mwalimu, viatu mkononi, sketi ameikunja magotini.

Hakuuliza kitu. Alichukua taulo kuukuu, akapiga magoti, akaanza kufyonza maji na kukamua kwenye ndoo. Juu yetu kwaya ilikuwa inaimba bila sisi wawili, na alikuwa akiitika sauti ya tatu chinichini. Nilishindwa kuvumilia.

"Sema tu, Mwalimu."

"Niseme nini?"

"Kwamba niliyasikia yote na bado nikanunua."

Akacheka. "Nilijua utanunua. Siku ile uliangalia dirisha ya jikoni kama bibi arusi." Akakamua taulo. "Miye njo nilikuonea wivu siku ile, Mama Wambui. Nyumba ilikuwa yangu, lakini ule muzungu aliongea na weye. Maneno yote yalipita kwako kwanza, na miye nangoja kama mutoto anangoja chakula. Na njo hivyo kila mahali, hospitali, shule, benki. Weye unafungua tu kinywa, unasikilizwa. Minakuonea wivu mpaka leo."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua inanyesha. Hakuinua macho. Nilisimama na deki yangu katikati ya maji, nikitaka kumwambia arudie, nikitaka kuwaita walio juu waje wasikie. Wivu wangu, wa miaka yote ile, ulikuwa hapa kooni, umekaa kama mwiba wa samaki, na sikuwahi kuutoa mbele ya mtu. Yeye aliutoa wake kwa sentensi chache, akaukamua pamoja na taulo.

"Ndoo ingine iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaenda kuichukua, anaimba. Hata wivu alikuwa anaujua kuliko mimi.